Mahali pa Afisa Vitani

Nilipotunukiwa kamisheni Monduli mwaka 1977, mwaka mmoja baada ya chuo cha maafisa wa jeshi kuhamishiwa huko kutoka Mgulani, Dar es Salaam, nilidhani kwamba suala la kuongoza kwa mfano nilikuwa nimelimaliza. Wakufunzi wetu walitufundisha kwa maneno machache na jasho jingi kwamba afisa huamka kabla ya askari wake, hapandi mlima akiwa nyuma yao, na halalamiki mbele yao hata kama ana sababu. Tulikimbizwa kwenye miinuko ya Monduli Juu tukiwa na mabegi mazito mgongoni, upepo wa huko ukitupiga usoni, na aliyebaki nyuma alisubiriwa na wenzake wote ili aone haya. Yote hayo yalikuwa mafunzo mazuri, nami sina la kuyatoa kasoro, isipokuwa kwamba yalifanyika mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa akiturushia risasi. Sehemu iliyobaki nilifundishwa na vita, na karibu yote ilihusu jambo ambalo darasani lilipitwa haraka, yaani mahali anapokuwa afisa: yuko wapi askari wanapochimba, wanapotembea, wanapokula, wanaposhambulia na, zaidi ya yote, wanaporudi nyuma.

Sasa nimestaafu na ninaishi Kisongo, upande wa barabara itokayo Arusha mjini kwenda Monduli, na kwa sababu hiyo vijana wanaosoma chuoni hunipitia mara kwa mara, hasa wale ambao baba zao au wajomba zao nilitumikia pamoja nao. Hunikuta shambani, hunisaidia kidogo kufunga mbuzi, kisha huuliza habari za ushujaa. Wanataka kusikia juu ya mtu aliyeikimbilia bunduki ya adui peke yake. Habari za namna hiyo ninazo, lakini siwaanzii hapo.

Vita vyenyewe vinajulikana, kwa hiyo nitavigusa kwa ufupi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia sehemu yote ya nchi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi hiyo ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa na kusema kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Jeshi ambalo lilikuwa na watu wasiofika 40,000 likapanuliwa kwa muda mfupi hadi kupita 100,000, kwa kuwachukua askari wa mgambo, vijana wa JKT, polisi na magereza. Ndiyo maana luteni kijana kama mimi alijikuta amepewa platuni, kikosi kidogo cha askari wapatao thelathini, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa mgambo: walimu wa shule ya msingi, madereva wa malori, wavuvi wa Ziwa Victoria, na wakulima. Mmoja wao alikuwa mzee wa Old Moshi mwenye umri wa kunizaa, mkulima wa kahawa, ambaye kwenye gwaride aliniita afande kama wengine, ila mambo yalipokuwa mabaya ulimi wake ulirudi nyumbani na kuniita kijana wangu. Sikuwahi kumkemea kwa hilo. Nami nilimwita mzee wangu, na nidhamu haikupungua hata kidogo.

Jambo la kwanza tulilovuliwa na vita lilikuwa alama za vyeo. Mdunguzi aliyejificha migombani hutafuta afisa kabla ya kutafuta mtu mwingine yeyote, kwa hiyo tulitoa nyota mabegani, tukakatazana kupigiana saluti, bastola nikaitia ndani ya begi nikabeba bunduki ya SMG kama kila mtu, na ramani nikaikunja iingie ndani ya shati, kwa kuwa mtu anayekunjua ramani hadharani huku mwenye redio amesimama kando yake amekwisha kujitangaza. Matokeo yake ni kwamba kwa mtu mgeni hapakuwa na kitu chochote cha kunitofautisha na askari wangu. Siku moja tuliletewa kijana kutoka kombania nyingine, yaani kundi jingine la platuni kadhaa, naye nikamsikia akimwuliza koplo wa seksheni, moja ya sehemu tatu za platuni yangu, afisa ni nani. Koplo hakutaja jina wala cheo. Alimwonyesha kwa kidevu upande wa bunduki yetu ya rashasha, akasema, "Yule anayechimba pale karibu na LMG."

Kuhusu kuchimba ninataka kukaa kidogo, maana hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuongoza kwa mfano si maonyesho. Maafisa wengine waliwapa askari kazi ya kuwachimbia handaki, na sheria haikuwakataza, kwa sababu afisa ana mengi ya kufanya jua linapozama: kukagua nafasi za bunduki, kupanga lindo, kwenda kuchukua amri kombania. Mimi nilianza kuchimba langu kwa sababu ya aibu ya Monduli, nikiogopa kuonekana mvivu. Baadaye niliendelea kwa sababu nyingine kabisa. Jioni moja upande wa pili wa mpaka tulipewa amri kwamba mahandaki yote yawe yamefika kifuani kabla ya usiku wa manane. Nilikuwa nimekwisha kulipiga jembe la kukunja kwenye udongo ule, nikajua kwa viganja vyangu kwamba chini ya shubiri mbili kuna changarawe iliyoshikana kama sakafu ya saruji. Nilimwambia kamanda wa kombania kwenye redio kwamba kwa majembe tuliyonayo tutafika kiunoni tu, na kwamba tukitaka kifuani tuletewe masululu. Aliniuliza nimejuaje. Nilimjibu kwamba nimechimba. Hakuuliza tena, na masululu yalikuja kwa gari la rasheni usiku uleule, yakapita kwetu kwanza kisha yakaenda kwa majirani zetu, ambao hawakuwa wameyaomba kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewaambia maafisa wao kwamba ardhi imekataa.

Sajini wangu wa platuni, mtu wa Mara aliyekuwa jeshini miaka mingi kuliko mimi, aliniwekea mpaka katika jambo hili. "Afande," alisema, "ukichimba mpaka mwisho, lindo atakagua nani?" Alikuwa na haki. Tulikubaliana kwamba nitaanza kuchimba pamoja na wote, kila mtu anione na mimi nimwone kila mtu, na ikifika saa ya kukagua nafasi, tarishi wangu atamalizia. Askari hawakuona kasoro katika mpango huo. Walichotaka kujua ni kama kazi ile naijua, wala hawakunitaka niwe mchimbaji bora kuliko wao.

Miguu ni habari nyingine ambayo vijana huipita haraka wanaponisikiliza, kwa kuwa haina moshi wala mlio. Jeshi letu liliingia Uganda kwa miguu kwa sehemu kubwa, katika miezi ambayo mvua ilikuwa ikianza kukaza, buti likiwa limelowa asubuhi na jioni, na mtu aliyepata malengelenge aliyaficha kwa kuogopa kuachwa nyuma au kudhaniwa kwamba anatafuta njia ya kurudi kwao. Niliwaamuru waonyeshe miguu. Walionyesha mmoja mmoja kwa shingo upande na kusema hawana tatizo. Kesho yake jioni sikutoa amri yoyote. Nilikaa katikati ya seksheni ya pili, nikavua buti, nikavua soksi ambayo ilitoka na ngozi, nikamwita mtabibu aje na GV, dawa ya vidonda ya rangi ya zambarau. Alinipaka mbele yao mpaka vidole vikawa vya zambarau. Kulikuwa na kicheko, na katikati ya kicheko kile buti zilianza kuvuliwa. Tuliyoyaona kwenye miguu ile yalikuwa mabaya, na wawili ilibidi wapelekwe nyuma kutibiwa, lakini baada ya hapo ukaguzi wa miguu haukuwa tena mchezo wa kufichana.

Klorokwini ilikuwa vita nyingine. Ni dawa chungu ya kuzuia malaria, na kwa baadhi ya watu huleta muwasho wa mwili mzima ambao hauna mkuno, kwa hiyo askari waliiweka chini ya ulimi na kuitema walipogeuka. Malaria ilikuwa ikituondolea watu waliokuwa wamekoswa na risasi. Hapa mfano peke yake haukutosha, nami sitaki kuongopa kwamba ulitosha: nilimeza yangu kwanza, mdomo wazi, wakaiona ikienda, ila sajini alisimama mwisho wa mstari na kumwomba kila mtu aimbe ubeti mmoja wa wimbo wowote anaoupenda. Mtu mwenye kidonge cha klorokwini chini ya ulimi hawezi kuimba.

Masaka ilichukuliwa tarehe 24 Februari 1979. Ule ni mji wa migomba, na sisi wa kutoka Kilimanjaro tuliutazama kwa macho ya watu waliokaa muda mrefu bila kuona kwao. Mji ulikuwa umeharibiwa sana na mizinga, wenyewe wengi wamekimbia, maduka yamebaki wazi. Kulikuwa na amri ya kukataza uporaji, nayo ilisomwa kwetu vizuri. Lakini siku hiyohiyo platuni yangu yote iliona gari la afisa mmoja mkubwa wa kikosi kingine likipita taratibu, turubai limefungwa vibaya, na chini ya turubai kuna viti vya sofa na redio ya kabati. Hakuna aliyesema neno. Nikajua kwamba amri ile, kwa watu wangu, imekufa pale barabarani, na kwamba nikiisoma tena nitakuwa nimewaambia kwamba mimi ni mjinga au nawafanya wao wajinga.

Asubuhi iliyofuata tulifanya ukaguzi wa vifaa. Nilitandika kipande cha turubai, nikamwaga begi langu lote juu yake: nguo za ndani, sabuni, barua za mama, risasi za akiba, vyote. Sajini akafuata bila kuambiwa, kisha makoplo, na baada ya hapo hapakuwa na mtu aliyeweza kubaki na begi lililofungwa. Zilitoka saa, vitenge, redio ndogo ya mkono, na kutoka kwenye begi la mzee wangu wa Old Moshi ukatoka mundu wa kupogolea migomba, mzuri, wenye mpini wa mti mgumu uliong'arishwa na viganja vya miaka mingi. "Kijana wangu," alisema, "huu unakata kuliko wa kwetu." Nilimwambia, mzee wangu, urudishe. Vitu vingine tulivikabidhi kwa wazee wa mtaa ambao hawakuwa wamekimbia. Mundu ulikuwa na mwenyewe anayejulikana, bibi mmoja aliyebaki na wajukuu nyuma ya kanisa, na mzee aliupeleka mwenyewe. Alichelewa kurudi. Tulipomfuata tulimkuta ndani ya shamba la yule bibi akipogolea migomba iliyokatwakatwa na vipande vya mabomu, bunduki ameiegemeza kwenye shina, jambo ambalo ilibidi nimkaripie, na nilimkaripia.

Sasa nifike kwenye mashambulizi, ambako vijana hutaka nianzie. Katika mafunzo tuliambiwa kwamba kamanda wa platuni haendi akiwa mtu wa kwanza wala wa mwisho. Hufuata nyuma ya seksheni inayotangulia, pamoja na mtu wa redio, mahali ambapo anaona seksheni hiyo imekutana na nini na bado ana seksheni mbili mkononi za kuzitumia. Ukiwa darasani maneno hayo yanaonekana kama kisingizio cha woga. Vitani nilimwona afisa wa kombania jirani, kijana hodari ambaye sote tulimpenda, akiruka kutoka kwenye kificho na kukimbia mbele ya watu wake wote akipiga kelele za kuwahimiza. Walimfuata, na hilo lazima lisemwe, maana ni kweli kwamba askari humfuata mtu wa namna hiyo. Alipigwa risasi ya paja kabla ya kufika nusu ya njia. Platuni nzima ililala chini pale alipoangukia, uwanja wazi, na wakakaa hapo kwa muda ambao kwetu tuliokuwa tukitazama ulikuwa mrefu mno, kwa sababu mtu wa redio alikuwa ameachwa nyuma sana, sajini hakujua afisa alikusudia kuelekea wapi, na watu watatu walikuwa wameacha bunduki zao wamshughulikie yeye. Wengi waliokufa katika platuni ile siku hiyo walikufa wakiwa wamelala. Sisemi kwamba alikuwa mwoga wa kutoa amri. Alikuwa jasiri kuliko mimi. Nasema tu kwamba aliwapa askari mfano wa askari mzuri, ilhali waliyemhitaji kwa dakika zile alikuwa afisa.

Hata hivyo somo hilo lina upande wa pili, nami niliuona Lukaya.

Lukaya ni mji mdogo kwenye barabara itokayo Masaka kwenda Kampala, na ukishaupita, barabara huingia kwenye tuta lililojengwa katikati ya kinamasi kikubwa cha mafunjo. Brigedi yetu, ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi ambao hawakuwahi kupigana, ilikuwa hapo tarehe 10 Machi 1979 ikijiandaa kuvuka. Kabla hatujavuka, majeshi ya Amin yakiwa pamoja na Walibya waliotumwa na Gaddafi yalitushambulia kwa vifaru na makombora ya Katyusha. Makombora yale mengi yalipita juu ya vichwa vyetu na kuangukia nyuma, lakini mlio wake wakati yanapita ni kitu ambacho mtu hawezi kukielezwa akakielewa, na kwa mtu ambaye miezi michache iliyopita alikuwa akifundisha hesabu darasa la nne, kuambiwa kwamba kombora limepita salama hakumsaidii chochote. Watu wengi wa brigedi walikimbia. Hilo limekwisha kuandikwa na si siri, wala siwalaumu kwa jinsi wanavyolaumiwa na watu ambao hawakuwapo.

Redio ilikuwa imejaa sauti, kila mtu akisema kwa wakati mmoja, na sauti zote zikiwa juu. Nilichofanya ni kidogo. Niliwauliza makoplo wa seksheni, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ileile niliyozoea kuitumia jioni ninapouliza habari za rasheni, kila askari amebaki na magazini ngapi. Nilijua jibu kwa kukadiria, kwa kuwa hatukuwa tumepiga risasi nyingi. Lakini koplo akiulizwa idadi hawezi kujibu bila kutambaa hadi kwa watu wake, na mtu akitambaliwa na koplo wake akaulizwa idadi ya risasi, ni lazima aondoe mikono masikioni ili ahesabu. Mimi mwenyewe nilitambaa hadi kwa yule mwalimu wa hesabu, aliyekuwa amelala kifudifudi chini ya handaki, nikamwambia anihesabie kwa sauti. Alihesabu, akakosea, akaanza upya. Alipofika mwisho mara ya pili aliinua kichwa na kuniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama vifaru vile vinaweza kupita kwenye matope. Nilikuwa ninaogopa sana wakati huo, na ninaamini aliliona hilo usoni pangu, maana tulikuwa tumetenganishwa na urefu wa mkono tu. Haikudhuru. Kamanda wa kombania alisema katika redio tuondoke tukajipange upya nyuma, na tukaondoka.

Hapa mahali pa afisa panageuka. Ukienda mbele, kukaa nyuma ya seksheni ya kwanza ni kazi yako. Ukirudi nyuma, hasa usiku, hasa na watu ambao wameona wenzao wakikimbia, huna mahali pengine ila mwisho kabisa. Nilimtanguliza sajini hadi kwenye kalavati moja tuliyoipita asubuhi, ambayo kila mtu aliikumbuka kwa sababu tulinywea maji hapo, nikamwambia asimruhusu mtu yeyote kuipita bila kumgusa bega na kumtaja jina. Seksheni ya tatu ikafuata, kisha ya pili. Mimi nilibaki na seksheni ya kwanza na LMG. Mzee wa Old Moshi alikuwa katika seksheni hiyo na alikataa kunyanyuka. "Tangulia, kijana wangu," alisema, "wewe bado hujaoa." Nilimwambia kwamba leo wa mwisho ni mimi na kwamba hiyo ni amri, naye akaondoka akinung'unika kwa Kichaga maneno ambayo nilijifanya sikuyaelewa.

Faida ya jambo hilo haikuwa kwamba niliwalinda kwa bunduki yangu, kwa kuwa SMG moja gizani hailindi watu wengi. Faida ilikuwa kwamba hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kukimbia. Mtu hukimbia akidhani kwamba wakubwa wamekwisha kuondoka na yeye ndiye aliyesahauliwa. Askari wa seksheni ya pili alipogeuka nyuma aliona kwamba kamanda wake bado yuko, na kama kamanda bado yuko, basi wakati wa kukimbia haujafika. Kwenye kalavati sajini alikuta wawili hawapo. Mmoja tulimpata asubuhi akiwa na kombania nyingine. Wa pili hatukumpata hai, na barua kwa wazazi wake niliiandika mimi, kwa mkono wangu, ingawa karani wa kombania alikuwa na maneno yaliyokwisha kuandaliwa kwa ajili ya barua za namna hiyo.

Alfajiri ya tarehe 11 Machi Meja Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20, aliileta Brigedi ya 208 kutoka ubavuni, na sisi wa 201 tuliokwisha kukusanyika tukapiga kutoka mbele. Walibya walipoteza watu wengi pale, na njia ya Kampala ikafunguka. Mji huo ulitekwa mwezi uliofuata. Habari ya mapigano ya asubuhi ile imesimuliwa na wengi walioiona vizuri kuliko mimi. Ninachoweza kuongeza ni kwamba nilipouliza ni seksheni ipi itangulie, seksheni ya kwanza, iliyokuwa imeondoka mwisho usiku ule, ilisimama kabla sijamaliza kuuliza, nami nikaenda nyuma yao mahali panaponipasa, na hakuna aliyedhani kwamba nimejificha.

Vijana wa sasa wana vita vya namna nyingine. Wengine wamekwisha kwenda Kongo, ambako askari wetu pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi waliunda ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopigana na waasi wa M23 karibu na Goma mwaka 2013. Kapteni mmoja aliyekuwa huko aliniambia kwamba shida yake kubwa ilikuwa fulana ya kuzuia risasi. Joto la mchana lilikuwa kali, fulana ni nzito, na afisa aliyekaa ofisini kambini alikuwa na ruhusa ya kuivua. Aliona kwamba kila alipotoka nje bila fulana, hata kwa hatua chache za kwenda kwenye gari, siku ya pili askari wawili watatu kwenye lindo walikuwa wamefungua vishikizo vya fulana zao. Akaamua kuivaa hata alipokuwa akiandika ripoti. Nilimwambia kwamba hilo la kuandikia ripoti lilizidi. Alinijibu kwamba dirisha la ofisi yake lilikuwa likitazama lindo, nikanyamaza.

Swali moja ambalo hunitatiza bado ni la chakula. Mimi nilishika desturi ya kula mwisho, baada ya askari wote kupata, kama tulivyofundishwa. Kamanda wangu wa kombania wa wakati ule, ambaye sasa ni mzee wa Moshi na hukutana nami kila mwaka Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, hakubaliani nami hata kidogo. Anasema kwamba afisa hali kwa ajili ya tumbo lake bali kwa ajili ya kichwa chake, na hunikumbusha usiku mmoja ambapo nilisimama mbele yake kuchukua amri nikiwa na njaa kiasi kwamba alilazimika kunirudia majira ya nukta kwenye ramani. Ninamjibu kwamba siku sufuria ilipokuwa ndogo, askari walijua kwamba mimi pia nimekosa, na kwamba kujua huko kuliwatosheleza kidogo. Ananijibu kwamba askari hawashibi kwa kujua. Tumebishana hivyo miaka mingi, kila mmoja na hoja zake zilezile.

Mwaka jana alikuja na shahidi. Alimleta sajini wangu kutoka Mara, mzee sana sasa, anatembea kwa mkongojo lakini sauti ni ileile ya gwaride, na akamtaka atoe uamuzi. Sajini alisikiliza pande zote mbili kwa heshima, akanywa chai yake, kisha akasema kwamba kwa kweli hakumbuki siku ambayo mimi nilikosa, isipokuwa ule usiku wa ramani, kwa sababu tangu tulipovuka mpaka wa Mutukula yeye na mpishi walikuwa wakiniwekea mestini moja ya chakula pembeni kabla hawajaanza kugawa, na kwamba platuni nzima ilikuwa ikijua, isipokuwa mimi.